Tarumbeta Lililowaleta Watu Kunizika

Ninyi mnaosoma karatasi hii mkiwa kwenye benchi la kliniki ya presha, someni taratibu, maana na mimi nimeiandika taratibu. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia siku hizi unashika kikombe, lakini kalamu bado unaitupa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwenye kutafuta makosa atayapata. Ninachotaka mjue ni kimoja. Nilikuwa nimekwisha, na sasa natembea.

Jina langu Aloyce. Nyumbani kwangu ni juu kidogo ya Mkuu, huku Rombo. Nina mashine ya kusaga. Hakuna mtu aliyenirithisha. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu sokoni mpaka mgongo ukaota sugu, nikaja kuendesha mashine ya mtu mwingine, mwisho nikasimamisha yangu. Watu hupita mashine mbili njiani kuja kwangu, kwa sababu unga wangu hauna mchanga. Na mashine yangu naiendesha kwa sikio. Beringi ikianza kuchoka naijua kabla haijapata moto. Mkanda ukilegea naujua nikiwa chooni.

Niliambiwa nina presha, nikapewa vidonge. Nikameza kwa muda. Kichwa hakikuuma, kizunguzungu sikuona, nikaviacha. Mke wangu, Mama Flora, akaniuliza, "Vidonge vimeisha?" Nikamjibu, "Mashine isiyogonga haifunguliwi." Nilijiona nimesema neno kubwa. Katika maneno yote niliyosema tangu nizaliwe, hilo ndilo la kijinga kuliko yote.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Nilikuwa namimina mahindi ya mama mmoja. Debe likanitoka. Niliona linaanguka, na mkono umebaki wazi kama siyo wangu. Nikainama kuliokota, mguu wa kulia ukakunjika, nikalala kwenye pumba. Nikataka kusema "zimeni mashine." Yakatoka mate. Yule mama akasema, "Leo Mzee Aloyce kaanza mapema." Mbege nakunywa, sikatai, lakini siyo saa hizo. Nilimsikia vizuri kabisa na sikuweza kumjibu. Halafu nikajikojolea hapo hapo, mbele yake, na ndipo alipojua kwamba siyo pombe.

Wakanipeleka hospitali Moshi. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, jicho moja halifumbi. Daktari akauliza dawa za presha. Mama Flora akasema, "Aliacha. Alisema amepona."

Daktari akanitazama mimi, siyo yeye. "Mzee, presha haiponi. Inatulizwa. Sasa mshipa wa kichwani umeziba. Hiki ni kiharusi."

Nikalishwa kwa mpira wa puani. Nikavalishwa pampasi. Mimi, ambaye hata kofia yangu sikuwahi kumwachia mtu anivue. Mke wangu alinigeuza kila baada ya muda ili mgongo usioze, na kila akinigeuza nilifumba jicho lile linalofumba ili nisimwone usoni. Mkono wa kulia ulikuwa mzito kama shina la mgomba lililolowa mvua. Neno lilikuwa moja tu, "ta." Maji ni ta. Uji ni ta. Mke wangu wa miaka yote hiyo, ta.

Mpira ulipotolewa na nikaweza kumeza, alikuja binti wa mazoezi ya viungo, anaitwa Neema. Akasema, "Shikamoo babu." Marahaba haikutoka, na yeye akaingoja kama mtu asiye na kazi nyingine. Nilimchukia. Binti mdogo hivi anifundishe kutembea! Akinyanyua mguu wangu nauachia uanguke kama gogo.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na redio ndogo ya flashi. Neema akaiwasha. Akasema, "Hii ni jazi, babu. Tutatembea nayo."

Jazi ninayoijua mimi ina magitaa, ina mwimbaji, na watu wananyanyuka kucheza. Hii haikuwa hiyo. Tarumbeta moja, linalia polepole kama halitaki kufika. Kinanda kinajibu mbali. Kuna gitaa kubwa la besi linakwenda hatua kwa hatua chini kabisa. Na ngoma, badala ya kupigwa, inasuguliwa kwa kitu kama ufagio. Hakuna anayeimba hata neno moja.

Mle ndani tulikuwa wagonjwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Chekereni, mkulima wa mpunga, yeye kapooza upande wa kushoto na mdomo wake mzima. Akasikiliza, akacheka. "Hii ni maji yanaingia shambani alfajiri," akasema. "Unafungua mfereji, unakaa kwenye tuta, unayangoja. Hayana haraka." Mama Flora, aliyekuwa amenishika kwapani, akanong'ona, "Wimbo gani huu hauna maneno? Huu ni wa maiti." Neema akasema yeye humlaza mtoto wake kwa wimbo huo huo.

Na mimi? Mimi niliisikia ile ngoma. Ilikuwa chekecheke yangu. Ilikuwa ni unga unachekechwa jioni mashine ikiwa imezimwa, chwee, chwee, chwee. Nikaona mlango wa mashine yangu umefungwa, panya wamo ndani. Machozi yakaanza kutoka na sikuweza kuyafuta, maana mkono mzuri ulikuwa umeshika chuma cha kutembelea. Sikuwa nimelia tangu tulipomzika mama yangu. Nililia kwa sauti, kwa mdomo uliopinda, mbele ya mke wangu na mtu wa Chekereni.

Nikadhani watanicheka. Mzee wa Chekereni akasema tu, "Lia, jirani. Mimi nililia wiki iliyopita." Daktari baadaye alieleza kwamba ubongo ukiumia machozi hukaa karibu. Huenda. Lakini mimi nasema kuna machozi ya ubongo na kuna machozi ya mwenyewe, na yale yalikuwa yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na fimbo ya miguu minne na ile flashi. Neema alimwambia Mama Flora, "Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye nguvu. Asipotumia mguu sasa, utasahau kazi. Kila siku atembee na huu muziki, mguu ushuke besi inaposhuka." Mimi mwenyewe akaniambia, "Na ukitaka neno, babu, usilisukume. Vuta pumzi na tarumbeta, liache lije."

Sikufanya. Nasema kweli kwa sababu wengi wenu hamfanyi. Mama Flora akishatoka kukata majani ya ng'ombe, nanyoosha mkono wa kushoto, nazima redio, nalala. Akirudi, mguu uko pale pale. Ndugu yangu Pasiani alikuwa akija jioni, anakaa, ananiangalia, anasema na mke wangu kana kwamba sipo. "Shemeji, jiandae tu." Nami nikaanza kujiandaa. Niliukataa mtori kinywani, nikawa nauacha unatiririka shingoni. Mke wangu aliufuta kila mara. Siku moja akasema. "Baba Flora, mimi nimekuosha kama mtoto na sijachoka. Lakini kama unakufa kwa kiburi, niambie, nipumzike."

Kesho yake, kabla ya kwenda kukata majani, alipandisha redio juu ya dirisha, mbali na mkono wangu. Akafungua sauti mpaka mwisho, akafungua na dirisha. "Nitaisikia nikiwa bondeni. Ikinyamaza nitajua kuna mtu ameinuka kuizima, na huyo atakuwa amenifurahisha." Akanikalisha kwenye kiti, akaniwekea fimbo, akafunga mlango, akaenda.

Sasa mjue desturi ya kwetu. Tarumbeta huku tunazo za parokia, na nyumbani kwa mtu huja kwa mambo mawili, harusi na msiba. La harusi linakwenda mbio. Likilia polepole kwenye nyumba ambayo haina binti wa kuolewa, hakuna anayeuliza. Kuuliza "nani kafa" ni aibu, ni kuonyesha kwamba hukumjali mgonjwa. Unaacha jembe, unakata ndizi, unakwenda.

Basi tarumbeta likalia kwenye nyumba ya Aloyce aliyepooza, asubuhi, na upepo unashuka kutoka mlimani. Lilifika mbali.

Wa kwanza niliowasikia ni akina mama wa jumuiya. Mkungu ukatuliwa barazani, puu. Halafu mwingine. Halafu kuni. Mama Kristina, jirani yetu, bibi mzee kuliko mimi, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Hakuna aliyeingia, kwa sababu nyumba ya msiba haifunguliwi mwenyewe akiwa hayupo. Nikadhani jirani kafiwa. Nikaanza hata kumsikitikia.

Wakaja wanaume. Nikasikia sururu zinagusana. Nikasikia sauti ya Pasiani.

"Tumchimbie hapa, pembeni ya kahawa."

"Hapo pana jiwe," mwingine akasema.

"Basi pale kwenye ndizi ng'ombe. Udongo laini."

Nikaelewa. Ndizi zile nilizipanda mwenyewe. Nikasema "ta." Tarumbeta likanifunika. Nikasema tena kwa nguvu zote, "ta," na Mama Kristina akanifunika. Watu wa nje walikuwa wengi, ndani niko mimi, na kati yetu ni mlango usio na hata ufunguo.

Hapo ndipo niliposikia kutoka bondeni. Mama Flora alikuwa ameona watu wanapandisha na ndizi vichwani kuelekea kwake. Alipiga kelele moja. Siyo jina, siyo neno. Nimeishi naye muda mrefu na sikuwahi kuijua sauti ile. Huyu ndiye aliyesema anataka kupumzika.

Nikashika fimbo. Nikainuka, nikarudi kitini kwa kishindo. Nikainuka tena. Mguu wa kulia ukasimama pale kama mbuzi aliyegoma. Nikakumbuka besi. Inashuka, inangoja, inashuka. Ikashuka, nikasogeza nyonga, mguu ukaburuzika. Ikangoja, nikangoja. Jasho lilinitoka mpaka kwenye macho. Nyumba yangu siyo kubwa, lakini siku ile ilikuwa ndefu kuliko njia ya Mkuu. Katikati nilijikojolea kidogo. Sikusimama. Mlangoni nilikuwa sina mkono wa kufungulia, ule mzuri umeshika fimbo. Nikausukuma kwa paji la uso.

Ukafunguka. Mama mmoja aliangusha kuni. Wanaume wakarudi nyuma na sururu mabegani. Pasiani alikuwa tayari amevua koti, na alama ya kaburi amekwisha kuichora ardhini kwa kisigino.

Nikavuta pumzi pamoja na tarumbeta. Nikaliacha lije.

"Hapo," nikasema, "msichimbe."

Mama Flora ndiyo alikuwa anafika getini, kanga imemvuka kichwani, mundu bado mkononi. Akanitazama kuanzia miguuni. Akakaa chini pale pale kwenye njia, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

Pasiani akasema, "Kaka, sisi tulisikia..." Akaifuta ile alama kwa kiatu, taratibu, mpaka ikaisha. Halafu akaja akanishika kwapani.

Hakuna aliyecheka wakati ule. Kicheko kilikuja baadaye, kwenye kilabu, na bado kipo. Siku ile watu walikaa. Ndizi zilikuwa zimeshafika, zikamenywa, zikapikwa. Redio iliendelea, hakuna aliyethubutu kuizima. Mmoja akasema inasikitisha, mwingine akasema inampa usingizi, mwingine akauliza kama mpigaji ni mgonjwa. Mama Kristina hakunyamaza. Mama Flora akamwambia, "Mama, si unaona yupo?" Akajibu, "Namwona. Huyu sasa ni Kristina wangu ninayemlilia." Binti yake alifia Dar es Salaam, akazikwa huko, wala hakupigiwa tarumbeta. Tukamwacha alie mpaka wimbo ukaisha. Akaomba urudiwe.

Tangu hapo sikukosa siku. Leo naenda mpaka kwenye mashine na fimbo ya kawaida. Marahaba nasema, na Neema niliisema mbele yake mara tatu ili aijue. Mgonjwa mwenzangu wa Chekereni yeye alitembea kabla yangu, na hachoki kunikumbusha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Flora, na hili sikuwahi kumwambia kwa mdomo wakati mdomo ukiwa mzima. Pasiani nimemsamehe, ila ndizi ng'ombe asizikaribie.

Wewe uliye kwenye benchi, meza vidonge vyako hata kama husikii chochote. Mwili siyo mashine ya kusaga. Hauanzi kwa kugonga, unaanza kwa kuzima. Na ukizima, mtii huyo binti anayekunyanyua mguu, hata kama umri wake ni wa mjukuu wako. Tafuta sauti yako ya kutembelea, yoyote, hata kama wengine wanasema ni ya maiti.

Na kwa wa kwangu nyumbani naacha agizo. Nitakapokufa kweli, iteni tarumbeta za parokia. Hii ya flashi msiipige. Siku hizi ikilia, majirani huendelea kulima na kusema, "Mzee anafanya mazoezi." Hatakuja mtu.