Mikono Mbali na Kitanda

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu hakunifundisha kupima joto wala kutandika kitanda. Alinisimamisha mwisho wa korido, akarudi mwanzoni, akaniambia nipige kelele.

"Sema: tokeni kitandani!"

Nikasema.

"Midomo nimeiona. Sauti iko wapi? Binti wa Chang'ombe umemeza nini?"

Nilikuwa nimetoka sekondari juzijuzi, muuguzi mwanafunzi, na aibu yangu ilijulikana mtaa mzima. Mbele ya wakubwa nilikuwaga natazama vidole vyangu vya miguu tu. Lakini wodi ile ilikuwa na mashine ya kushtua moyo, na mashine hiyo ilihitaji mtu wa kupaza sauti. Enzi zile za Ujamaa mashine za namna hiyo zilikuwa chache mno. Yetu tuliifuta vumbi kama vyombo vya wageni.

Vijana mnaoingia kazini leo, niwaeleze kidogo. Moyo una umeme wake wenyewe. Sehemu ndogo upande wa juu hutoa amri, misuli ikafuata. Wakati mwingine amri huzunguka ovyo, moyo ukakimbia hata usipate nafasi ya kujaa damu. Dawa zikishindwa, daktari huweka kifuani vibao viwili vya chuma vyenye vishikio. Sie tuliviita pasi. Huvipaka jeli ili ngozi isiungue. Mashine husubiri kilele cha pigo kwenye kioo, ndipo iachie umeme. Umeme ukipita wakati mbaya unaweza kuharibu zaidi. Moyo hunyamaza kidogo, kisha ile sehemu ya juu ikashika tena uongozi wake. Na anayemgusa mgonjwa wakati huo, umeme unaweza kumpata naye. Ndiyo maana ya kelele zile.

"Usipopata sauti," Sista Mkuu akaniambia, "nakupeleka stoo ukahesabu mashuka."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Sikusomea mashuka mie.

Haikupita muda akaletwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyenijua tangu natambaa. Alianguka kiwandani. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, jasho jembamba, shinikizo la damu linashuka. Daktari Bingwa, mtu wa Songea asiyependa maneno, akajaribu dawa, haikushika. Akaagiza mashine, na mgonjwa achomwe sindano ya usingizi.

Miguuni pa balozi alisimama mama yake, Bi Tatu, amemshika mwanawe nyayo zote mbili, anamsomea dua. Kwetu mgonjwa haachwi bila mkono wa mtu wake.

"Chaji tayari," Daktari akasema, pasi ziko kifuani. "Binti, kazi yako."

"Tokeni kitandani!" Sijui sauti ilitoka wapi. Hata Sista Mkuu aligeuka.

Bi Tatu akazidi kukaza. "Nitoke niende wapi? Nimemzaa mwenyewe huyu! Na wewe, mtoto wa Zaituni, tangu lini unanifokea?"

Uso ukaniwaka. Kwenye kioo mapigo yalikuwa yamebanana kama meno ya kitana. Kumvuta yule bibi kwa nguvu nisingethubutu. Nikafanya nilichokizoea tangu utotoni: nikapiga goti, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo bibi."

Shikamoo ya mtoto haikataliwi. Mkono mmoja ukaachia unyayo, ukanijia niubusu. Nikaupokea, nikaomba na wa pili, naye akanipa, "Marahaba mwanangu." Nikainuka nimeishika mikono yake yote miwili, nikirudi nyuma, yeye ananifuata, mpaka ukutani.

"Kitanda wazi!" nikapiga kelele.

Balozi akaruka kidogo. Mstari kwenye kioo ukalala. Hapo nilimkumbatia Bi Tatu, sikujua namfariji nani. Kisha pigo moja. Likaja jingine, taratibu, kwa nafasi.

"Nani kakufundisha hiyo?" Sista Mkuu akaniuliza.

"Mama."

"Basi kesho uwafundishe wenzako."

Nikafundisha pale, baadaye Temeke, baadaye kila nilikohamishiwa, mpaka nikastaafu. Madaktari waliokuja na vitabu vizito niliwaambia: mashine mtaijua kwa wiki, jamaa za mgonjwa mtajifunza maisha yenu yote. Hilo nalisema kwa kifua mbele.

Majuzi mdogo wangu wa kike alilazwa, moyo unakimbia. Nikajikuta miguuni pake, nyayo zake mikononi mwangu, namsomea dua. Sikusikia chaji wala daktari. Nikaona tu binti mwembamba wa sare nyeupe kapiga goti mbele yangu, mikono yote miwili kainyoosha, haya imemjaa.

"Shikamoo bibi."

Nilijua kabisa anachofanya.

"Marahaba," nikasema, nikampa mikono yote, nikamfuata mpaka ukutani.