Siku Gari la Zimamoto Lilipokuwa Kianjai

Koti la baba lilinuka moshi, dizeli na mpira uliolowa, na harufu hiyo iliingia nyumbani kabla yake. Tuliishi Kinoru, na baba alikuwa dereva wa gari la zimamoto mjini Meru. Wakati huo lilikuwepo moja tu, jekundu, lenye king'ora kilichokwaruza kama jogoo mzee. Likizo ile ya Agosti, nikiwa na miaka kumi, mama alinituma kila adhuhuri nimpelekee githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Ndivyo nilivyokijua kituo. Mzee Mutwiri, msimamizi, alikaa kando ya simu na daftari lake kubwa. Zamu zilikuwa mbili, na kila zamu ilikuwa na dereva, mtu wa pampu na vijana watatu wa kushika mipira ya maji. Hata siku ambayo hapakuungua kitu, mipira ilikunjuliwa uani, ikaoshwa na kuanikwa. Mzee Mutwiri aliniambia kwamba yeye alianza kazi wakati pampu ilipokuwa ikivutwa na trekta, na watu wa Makutano waliisikia ikija muda mrefu kabla ya kuiona.

Jumatano moja simu ililia nikiwa bado nimeshika kopo la githeri. Kinu cha kusaga mahindi kilikuwa kinaungua Kianjai, mbali nje ya mji, na nyumba za watu zilishikana nacho ukuta kwa ukuta. Baba na wenzake waliondoka hata kabla sijasema neno. Saa moja baadaye simu ililia tena. Mzee Mutwiri alisikiliza, akanitazama, kisha akainamisha macho. Moto ulikuwa katika vibanda vya mitumba sokoni, mahali mama alipouza sweta za watoto. Akampigia baba kwa simu yake ya mkononi, na sauti ya baba ikajaa chumba kizima, kelele za pampu nyuma yake.

"Baba Kendi, soko linaungua. Mama Kendi yuko huko."

Baba alijibu akipaza sauti. "Hapa kuna mtoto hajaonekana, Mzee. Tukimpata, tunakuja."

Sikungoja zaidi. Nilikimbia hadi sokoni, nikilia njia nzima, nikimkasirikia yule mtoto nisiyemjua. Nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa mtaro, masizi usoni, amekumbatia furushi moja tu. Alinivuta kifuani. Watu walikuwa wakimwaga maji kwa ndoo, na moto haukuwajali.

Gari lilipofika, vibanda vya mstari wa mbele vilikuwa majivu. Watu walilizingira. "Mmekuja kuzima nini sasa?" mmoja alifoka, na jiwe likagonga mlango. Nilimwona baba kupitia kioo, ameshika usukani kwa mikono miwili. Hapo mama akanyanyuka, akajipenyeza hadi mbele ya gari.

"Kibanda changu ni kile pale, kimeisha! Kama kuna mwenye haki ya kurusha jiwe, ni mimi. Na mimi nasema songeni, wapite!"

Wakasonga. Mipira ikakunjuliwa, na mstari wa nyuma, wa wauza nafaka, ukaokolewa.

Jioni baba aliingia, akasimama mlangoni kama mgeni. Mama alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka.

"Mtoto alipatikana?"

"Alipatikana. Alikuwa amejificha chini ya kitanda. Mzima."

Mama alijaza kikombe, akampa kwa mikono miwili. "Basi keti unywe, Baba Kendi."

Sasa kuna magari zaidi, na miongoni mwa wanaoyapanda kuna wasichana waliovaa buti na helmeti, jambo ambalo Mzee Mutwiri angelifurahia sana. Baba amestaafu, na yeye na mama wanabishana kuhusu migomba. Lakini mji pia umekua, tuktuk zimejaa kila njia, na moto haujajifunza kungoja zamu. King'ora kikilia, watu hutoa simu zao wapige picha, wengine huuliza kwa nini wazimamoto wamechelewa. Mimi huweka gari langu kando hadi wapite, na kila mara hujikuta nikimwombea mtu fulani, aliye mahali pengine, ambaye bado anasubiri wamalize huku waende kwake.