Ekseli Isiyo na Talaka

Yubolti ni kitu kidogo mno kumnyima mtu usingizi. Ni chuma kilichopindwa mfano wa mkono wa ndoo, ncha zake mbili zina nati, na kazi yake ni kuibana springi ya gari kwenye ekseli. Ikikatika, springi inahama, ekseli inakwenda inakotaka yenyewe, na dereva anafuata.

Dereva nilikuwa mimi. Kijiji chetu cha ujamaa, mbele kidogo ya Rutamba, kilikuwa na landrova moja iliyochoka. Tulikuwa tumehamia karibuni, nyumba zimepangwa mistari, mikorosho yetu imebaki kule mahameni tulikotoka. Yubolti za upande mmoja wa nyuma zilikatika zote wakati mbaya kuliko wote. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Ya kwanza ilituacha mikono mitupu: mtoto alikaa vibaya, na usafiri ulipopatikana alikuwa ameshakufa. Safari hii mkunga wa zahanati hakumung'unya maneno. Aende Lindi mapema, akakae jirani na hospitali, uchungu usimkute huku. Na mvua zilikuwa zinanukia. Zikianza, barabara yetu ya udongo mweusi hata baiskeli haipiti.

Spea zilikuwa hadithi. Ukiuliza Lindi unaambiwa Dar es Salaam, ukiuliza Dar es Salaam unaambiwa meli haijafika. Nikaifunga springi kwa waya na kamba za katani, nikaliburura gari mwendo wa kinyonga hadi karakana ya shamba la mkonge, kulikokuwa na mashine ya kuchomelea.

Fundi wa pale alikuwa Mngoni. Alikuja ujanani kukata mkonge, akabaki. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani: babu zao waliwavamia babu zetu, vita vikaisha, yakabaki maneno. Basi aliniita mateka wake tangu siku ya kwanza, nami nikamjibu kwamba babu zake hawakuletwa na ushujaa, waliletwa na njaa.

Alikata mikanda ya chuma bapa, akaizungushia kwenye springi, akazichomelea ncha zake kwenye ekseli pande zote mbili. Springi yenyewe hakuigusa kwa moto. Alisema chuma cha springi kikiungua kinakuwa kama muhogo mkavu. Alipomaliza akavua miwani.

"Yubolti ni ndoa ya kwenu, mateka. Ikilegea unakaza, ikishindikana unafungua, mnaachana kwa heri. Hii niliyokufungia ni ndoa ya kanisani. Haina kukaza wala kufungua. Itavumilia, itavumilia, na siku ikichoka itakatika papo hapo. Usiibebeshe mizigo."

Nilicheka sana. Nilipomsimulia mwenyekiti wa kijiji jioni ile, alicheka kunishinda.

Asubuhi ya safari nikakuta magunia ya korosho yamejaa nyuma ya gari mpaka kwenye turubai. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Korosho zile zilikuwa jasho la kijiji kizima, na zikikutwa na mvua zingeota ukungu. Kwake yeye gari lilikuwa limepona, na gari lililopona linafanya kazi. Nikamkumbusha alivyosema fundi. Akajibu kwamba neno la fundi angelisadiki, lakini lile lilikuwa utani wa Mngoni, na nani aliwahi kupakua gari kwa sababu ya utani? Nikachemka. Nikamwambia kama mke wangu angekuwa gunia, angepewa nafasi nzuri zaidi. Uso ukamshuka, lakini hakupakua. Mke wangu alikuwa ameshakaa mbele. Nilimwona ameushika mlango kwa mikono miwili.

Ndipo fundi akatokea na baiskeli. Alikuja, alisema, kuangalia ndoa yake inavyoendelea, na apate lifti ya mjini. Aliyatazama magunia. Akamtazama mke wangu. Alipanda nyuma, akakaa juu kabisa ya mzigo, akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba Wangoni wamerudi na hii ni ngawira yao. Kisha akaanza kushusha gunia moja moja.

Asiyejua utani angedhani vita vimeanza. Lakini mtani akishika kitu chako, humnyang'anyi. Unacheka, unakikomboa baadaye kwa jogoo. Kumkasirikia ni aibu ya ukoo mzima. Akina mama waliokuja kumuaga mke wangu waliangua kicheko. Mwenyekiti, Mmwera kama mimi, mwisho akacheka naye. Neno lililodharauliwa kwa kuwa ni utani likatiiwa kwa sababu hiyo hiyo. Fundi aliwakabidhi mateka wake magunia wayalinde mpaka arudi na jeshi, akanipigia bodi niondoke.

Tulikwenda polepole. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Lindi tulisikia mlio mkavu chini yetu. Nilisimama. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na vumbi usoni: mkanda mmoja umekatika. Akasema nusu ya ndoa bado ipo, twende. Tukafika. Mtoto alikuwa amekaa vibaya kama mwenzake, ikabidi mama apasuliwe. Tukapata binti, mzima. Korosho zilifuata kwa lori la shamba la mkonge, magunia mawili yamelowa.

Fundi alimwita binti yetu mateka mdogo, akamwita hivyo mpaka alipoolewa.

Alipofariki, tulimzika huko huko alikotumikia. Kazi ya mtani msibani ni kuchekesha, nami nikashuka kaburini kama ilivyo ada, nikajilaza, nikakataa asizikwe mpaka nilipwe fidia ya babu zangu. Watu wakasogea kusikiliza. Nilikuwa nimejiandalia mengi, kwamba leo Mngoni kashindwa vita. Nikasema tu, "Ndoa yetu haina talaka," na sauti ikakatika papo hapo.

Wote wakacheka, wakidhani ni utani. Binti yangu peke yake hakucheka. Alipiga magoti ukingoni, akaninyooshea mkono nitoke.