Mama Tiketi na Bibi Aliyetoa Kiti

Mimi ni fundi cherehani, na ukuta kati ya duka langu na ofisi ya Mama Tiketi ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo msiniulize haya nimeyajuaje. Nimeyasikia. Pale niliposhindwa kusikia, nilitoka na futi yangu shingoni nikaenda kuchungulia.

Mama Tiketi ni wakala wa safari. Ofisi yake ni meza, kompyuta, feni yenye kelele kuliko upepo, na viti vya wateja ambavyo mara nyingi hukaliwa na watu wasionunua kitu. Wanamuuliza njia, nauli, mizigo, anawaeleza mpaka sauti inamkauka, halafu wanaenda kununua tiketi wenyewe kwenye simu. Mambo yakiwaharibikia huko mbele wanampigia yeye, tena kwa ukali. Ndege ikishindwa kuruka kwa sababu ya mvua, kosa ni lake. Ubalozi ukimnyima mtu viza, Mama Tiketi ana roho mbaya. Mimi mteja akinifokea, namrudishia kitambaa chake akashone kwingine. Yeye husema tu, "Pole, baba, ngoja niangalie." Kwa miaka mingi nilidhani ni woga.

Basi akaja bibi mmoja mfupi, mkakamavu, anayeongea kama anagombana. Binti yake alikuwa nchi ya mbali, peke yake na kichanga, na alitakiwa kufanyiwa upasuaji ambao haukuwa wa kuahirishwa tena. Binti akagoma. Hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, akasema haingii chumba cha upasuaji mpaka mtoto awe mikononi mwa mama yake. Na huyo mama hajui kusoma, hajawahi kupanda ndege, na njiani ilibidi abadilishe ndege kwenye uwanja mkubwa ajabu.

Mama Tiketi akafanya wanavyofanya mawakala wazoefu: akamwombea kiti cha magurudumu.

"Mimi mgonjwa?" bibi akaja juu.

"Huna ugonjwa wowote, bibi. Ila anayekaa kwenye kile kiti husukumwa mpaka mlangoni mwa ndege, hawezi kupotea. Usiachane nacho hata kidogo. Kile kiti ndiyo njia yako."

"Haya, mwanangu. Nitakaa kama malkia."

Akaondoka. Kesho yake asubuhi Mama Tiketi akapiga simu kwa wahudumu wa ule uwanja wa kubadilishia ndege, kuhakikisha mtu wake amefika kwenye ndege ya pili. Hufanya hivyo kwa kila mgeni wa safari, ingawa hakuna anayemlipa kwa hilo. Mara nikasikia, "Mzee gani?" Nikaacha cherehani, nikaenda kusimama mlangoni kwake.

Kumbe kiti kilikuwa kimefika mlangoni mwa ndege kikiwa na mzee mwanamume anayechechemea, hana habari na ndege hiyo, na anaongea lugha isiyoeleweka na yeyote pale. Msukumaji alibadilishana zamu na mwenzake katikati ya njia, naye huyo akasukuma aliyemkuta amekaa. Bibi hayupo, na mlango wa ndege unakaribia kufungwa.

"Si wamtangaze!" nikasema.

"Wanamtangaza, shoga yangu. Kwa lugha asiyoijua."

Akafumba macho. "Bibi kamwachia mzee kiti. Kamwona anachechemea, kaona haya kukaa yeye mzima."

"Basi ndiyo kapotea hivyo."

"Hajapotea. Nilimwambia asiachane na kiti. Yuko palepale alipokitoa, anasubiri kirudi."

Akarudi kwenye simu, akaanza kuwabembeleza. Waache kutangaza. Wampe mzee kiti kingine, hiki wakigeuze kitupu, wakisukume kurudi njia ileile kiliyopitia, taratibu, bibi akione. Upande wa pili wakabisha. Nilijua kwa namna alivyovuta pumzi. Mimi ningeshawatukana. Yeye akaomba tena, kwa sauti ileile ya kila siku. Wakabisha tena. Akaomba tena.

Nikamtazama. Kiatu kimoja kimemvuka, amekaa kwenye chumba ambacho huwezi kunyoosha mikono yote miwili, naye anasukuma kiti kwenye nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, kwa sauti tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nagawana ukuta na mtu wa namna hii, nami nikimcheka eti mwoga!

"Wamempata," akasema hatimaye.

Walimkuta amekaa juu ya begi lake, mgongo wima, na alipokiona kiti akamfokea msukumaji kwa kuchelewa. Mlango ulikuwa umeshikiliwa kwa ajili yake. Aliingia wa mwisho.

Siku hiyo sikushona cha maana. Niliunguza ukosi wa shati la watu kwa pasi. Kesho yake simu ya Mama Tiketi ikalia, akaniita, akaiweka kwenye spika. Bibi alipiga kelele kana kwamba hataki msaada wa mitambo.

"Mwanangu, nimefika! Binti yangu wameshamwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Kakubali! Kanikabidhi mtoto kwa mikono yake mwenyewe."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Mama Tiketi akanisukumia simu, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu? Upo?" bibi akaita. "Unanisikia?"

"Anakusikia, bibi," nikamjibu mimi. "Anakusikia."