Mstari Mmoja kwa Kila Simu

Niliandika neno moja kwenye kompyuta, na neno hilo likamficha shangazi yangu kwa miezi minane. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri habari njema. Kazi yangu ni kuunganisha majedwali. Zamani nikiulizwa nafanya nini nilijibu "mambo ya kompyuta", watu wakatikisa vichwa kwa heshima, na mimi nikavimba kidogo. Siku hizi nasema nafanya kazi ofisini, basi.

Ofisi yenyewe iko Remera, hapa Rwanda, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Tunasaidia vituo vya afya kutunza orodha za watu waliopimwa, kisha tunawatumia majibu kwa ujumbe wa simu. Humo ndani kuna Wakenya, Watanzania, na sisi Wanyarwanda tuliozaliwa nje tukarudi tukiwa wakubwa. Mimi nimekulia Ngara, upande wa Tanzania. Bosi wangu ni mama wa Kikenya, mkali na mwenye haki, ambaye sidhani kama amewahi kukubali kisingizio cha mtu yeyote tangu azaliwe.

Nyumbani kwetu ni Niboye, na tunaishi watatu: mama, shangazi na mimi. Baba alipofariki, shangazi, ambaye ni dada yake mdogo, alikuja matangani na hakuondoka tena. Kwa hiyo nimelelewa na wanawake wawili. Nimelishwa na wawili, nimechapwa na wawili, na nikikosea mpaka leo nasemwa na wawili, mmoja akichoka mwenzake anapokea.

Mwaka ule kituo kimoja cha afya cha upande wetu kiliita wanawake waje kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Mama na shangazi walikwenda pamoja, wamevaa vitenge vyao vya harusi, kama vile wamealikwa. Waliporudi nikawauliza ilikuwaje. Mama akasema hayo si ya kumweleza mtoto wa kiume. Shangazi akasema, "Tumewapa namba yako ya simu, sisi wote. Yangu kitufe cha tano hakibonyezeki, na ya mama yako akiiweka kwenye pochi hata mbingu zikianguka hasikii. Halafu wewe ndiye mtu wa huko."

Nilicheka. Nilijisikia vizuri hata, kuwa mtu wa huko. Wiki mbili baadaye majedwali ya kituo kile yakaletwa kwenye meza yangu.

Jedwali la kwanza lilitoka kituoni: jina, umri, mtaa, simu. La pili lilitoka maabara: namba ya kichupa cha sampuli, simu, jibu. Maabara haikuandika majina, kwa sababu ya siri ya mgonjwa, na jambo hilo ni jema. Namba ya kichupa ilipaswa iwepo kwenye majedwali yote mawili, lakini kwenye lile la kituo safu hiyo ilikuwa tupu karibu yote. Siku ile foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa mmoja. Kitu pekee kilichoonekana pande zote mbili kilikuwa simu, kwa hiyo nikaunganisha kwa simu. Unaiambia kompyuta: pale simu ya huku inapofanana na simu ya kule, shikanisha mistari hiyo. Nayo inashikanisha. Haiulizi simu ni ya nani.

Orodha ikatoka ndefu kuliko idadi ya wanawake waliokuja. Bosi aliiona kabla yangu. "Hizi laini ni mingi kuliko wamama wenyewe," alisema. "Wamezaana humo ndani? Nataka orodha safi kabla ya saa nane."

Nikamwambia watu wamejiandikisha mara mbilimbili. Nilisema hivyo kwa dharau, na dharau hiyo naikumbuka vizuri kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Nilisema watu wetu wakiona foleni wanajiunga kwanza, kuuliza baadaye. Bosi akacheka. Nikakaa chini nikaandika DISTINCT, neno dogo la lugha ya majedwali, na pale nilivyoliweka maana yake ilikuwa: kwa kila namba ya simu nibakishie mstari mmoja, mingine tupa. Kompyuta ikatupa. Orodha ikapungua, ikapendeza macho. Sikuhesabu imepungua mpaka wapi. Nilikuwa na njaa, na saa nane ilikuwa inakaribia.

Kijana niliyelelewa na wanawake wawili walioandikisha simu moja, ambayo ni yangu, nilikaa pale nikaamua kwamba simu moja ni mtu mmoja.

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu siku ya pili. Haukuwa na jina, kwa sababu ile ile ya siri: majibu yako hayana tatizo, rudi kupimwa tena baada ya miaka kadhaa. Nilitafakari kidogo kwa nini umekuja mmoja na wao ni wawili. Nikajijibu kwamba mtandao hauna haja ya kurudia maneno yale yale. Kinyozi hajinyoi, na mimi sikuangalia hata kidevu changu. Nilikwenda uani nikawaambia wote wawili, "Mko salama." Mama akasema Mungu ni mwema. Shangazi akapiga kigelegele cha utani, na jioni ile akapika wali.

Miezi minane ikapita hivyo. Tukawa tunajiandaa kwenda kupima wanawake wa Gahanga, na bosi akataka kuona kwanza tulivyofanya safari ya kwanza. Akaniita kwenye meza yake. "Waliopimwa na waliopata ujumbe hawalingani," alisema. "Ukijumlisha na wale wa majibu mabaya tuliwapigia simu, bado. Hawa wengine walienda wapi?"

Nikamwambia nitamwonyesha, ni wale wa kujiandikisha mara mbili. Nililiondoa lile neno langu, na ili nimpe mfano wa haraka nikaandika simu ninayoikumbuka bila kuitafuta, yaani yangu. Ikatoka mistari minne. Mama, hakuna tatizo. Mama, kuna tatizo. Shangazi, hakuna tatizo. Shangazi, kuna tatizo.

Wanawake wawili, majibu mawili, na kompyuta imempa kila mmoja yote mawili, maana hakuna aliyeiambia lipi ni la nani. Mstari uliobakishwa siku ile ulikuwa wa kwanza, wa mama, wa hakuna tatizo. Jibu baya lilikuwepo tangu mwanzo. Lilikuwa la mmoja wao, na mimi nililitupa kabla ya chakula cha mchana.

Bosi alisoma juu ya bega langu. Anawajua mama na shangazi, ameshakula kwetu. Nilitamani anifokee. Alisema tu, polepole, "Enda nyumbani. Hii ingine tutaimaliza sisi." Walianza kupiga simu saa ile ile. Kulikuwa na simu za wake wa wenye maduka ambazo majirani wameziazima, na simu ya mjumbe wa afya wa mtaa mmoja ambaye aliandika namba yake kwa kila mwanamke asiye na simu. Mistari yake yote niliifanya mtu mmoja. Wengi wa wanawake wale walikuwa salama, lakini si wote, na sitasema zaidi, kwa sababu hao wana watu wao wa kuwasimulia.

Nilipitia kituoni kwanza. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba kwenye daftari la karatasi kuna namba za vichupa. Muuguzi yule yule wa siku ile, mama mtu mzima, akafungua kurasa akizifuata kwa kidole. "Hapa namba haiko," alisema. "Siku ile watu ilikuwa mingi sana, mwana wanjye. Ihangane, uvumilie. Ulete wote wawili kesho asubuhi, tupime upya."

Nikatembea mpaka nyumbani. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Shangazi alikuwa amelala, saa tisa mchana, yeye ambaye zamani alikuwa akimcheka kila mtu anayelala mchana. Nikamwamsha, nikawaketisha, nikawaambia kwamba majibu yalikuwa mawili, kwamba moja ni baya, kwamba sijui ni la nani, na kwamba kosa ni langu. Nilisema yote kwa mkupuo, kwa sababu ningepumzika nisingeendelea.

Mama hakungoja hata nimalize. "Ni langu hilo."

"Acha uongo, wifi," shangazi akasema.

"Mimi ni mkubwa." Alisema hivyo kama vile ugonjwa hugawiwa kwa umri. "Na mgongo unaniuma tangu Pasaka."

"Mgongo unakuuma tangu Ngara." Shangazi alikuwa bado na tabasamu. Kisha likaondoka. Alikunja upindo wa kitenge chake, akaukunjua, akaniangalia mimi, si mama. "Naona damu. Mwezi wa tatu huu."

Mama aliacha kisu kwenye beseni. "Mana yanjye, Mungu wangu. Na hukusema?"

"Ningesemaje? Mtoto alisema niko salama. Nikajua ni umri unabadilika."

Nilikuwa nimemdhulumu mara mbili. Kwanza nilimnyima habari, kisha nikampa habari ya uongo kwa kinywa changu mwenyewe, na kwa kuwa alinipenda, alikiamini kinywa hicho kuliko mwili wake. Angeambiwa na mtu baki labda angetilia shaka.

Kipimo kipya kilionyesha kwamba jibu baya lilikuwa la shangazi. Hospitalini tulipokelewa na daktari wa rika langu, mtaratibu, aliyekuwa akichora duara kwenye karatasi kila alipotaka kueleza kitu. Alisema ugonjwa umeshatoka nje ya mlango wa kizazi. Alisema kuna mionzi na dawa, na kwamba watajaribu. Akauliza kipimo cha kwanza kilikuwa lini, nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Wakati ule mara nyingi huwa ni kazi ya dakika chache," alisema. "Tunachoma pale palipoanza kuharibika, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake." Hakunilaumu. Hakujua kwamba anaongea na mwenye kosa.

Shangazi alinitaka nimweleze jinsi ilivyotokea. Alikuwa ameshapungua, amelala na mito miwili, na alisisitiza nisimfiche kwa maneno ya ofisini. Nikamweleza majedwali mawili, simu, mistari minne, mstari mmoja uliobaki. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi na mama yako tulikuwa mtu mmoja."

"Ndiyo, shangazi."

"Si vibaya sana," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini ungetuuliza. Tulikuwa hapa hapa."

Ofisini nimebadilisha kila kitu kinachobadilika. Hakuna jedwali linalopokelewa bila namba ya kichupa, na ninahesabu kabla na baada kama mwendawazimu. Bosi alikataa barua yangu ya kuacha kazi, akaniambia nikae nilirekebishe nililoliharibu. Nimelirekebisha. Shangazi hapati nafuu kwa hilo.

Jumapili iliyopita wanawake wa kanisani walikuja kumwona. Walisali, wakaimba, wakakaa. Mmoja wao, mwenye sauti kubwa, alimwuliza ilikuwaje akachelewa hivi, na kipimo kilikuwa cha bure, na ndani ya nyumba yumo kijana anayefanya kazi huko huko. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, "hamsikii nyie." Wengine waliguna kumuunga mkono.

Shangazi hakunitazama. Alijivuta juu kidogo kwenye mito. "Nilipuuza, dada," alisema. "Mtoto alinikumbusha sana. Mimi ndiye niliyepuuza."

Wakamsema, kwa upendo, kwa muda mrefu. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwepo, nimesimama na birika mkononi, nikiwamiminia chai mmoja baada ya mwingine, na sikusema kitu.