Mawe Sita Katikati ya Wimbo

Ile siku muzee wa gitaa alirudi kwetu Mushaki, nilivaa kikwembe changu cha Pasaka nikaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye walifunga ng'ombe. Furaha ilikuwa nyingi. Woga pia ulikuwa, maana ule wimbo wake mukubwa, ni mimi niliuharibu.

Muzee huyu njo alituletea muziki wa roki. Mbele yake gitaa ilikuwa ya kanisa, ya kubembeleza. Yeye akaleta ya umeme, inalia kama musumeno kwenye mbao mbichi. Mama yangu alisema iko na pepo, na alipokuwa anasema vile muguu wake ulikuwa unapiga chini, mbegu za maharagi zinamwanguka mukononi. Maharagi ya mama yangu, nikianza kuyaeleza, hatutamaliza. Muzee alienda mujini, akatia nyimbo zake kwenye kaseti, halafu akavuka mupaka na hatukumuona tena mpaka ile siku.

Mimi nilisoma miaka miwili tu. Nikaolewa, nikafuata bwana yangu mpaka Mubi, kule Walikale kwa watu wa machimbo, nikauza chumvi, sabuni na mawe ya radio, yale wengine wanaita betri. Siku moja dereva wa kamyo akapita na ile kaseti. Nikamwomba, "Kaka, niachie nikopie." Akasema, "Mama, napakia mizigo. Nikimaliza, naondoka nayo."

Basi nikaweka radio mbili kitandani, zinatazamana, moja inapiga, ingine inasikiliza na kushika sauti kwenye kaseti tupu. Nikafukuza kuku. Nikamwambia bwana yangu asikohoe, na kukohoa njo ilikuwa kazi yake.

Mawe ya ile radio ya kupiga yalikuwa yamezeeka. Niliyaanika juani tangu asubuhi yapate nguvu, kama vile kila mutu alifanyaka, lakini jua ya Walikale munaijua, mvua inaifukuza. Pale gitaa inapanda juu kabisa, mawe yakaanza kufa. Gitaa ikashuka, ikawa nzito, ikalegea kama ng'ombe anayetafuta kulala, ikanyamaza. Nikakimbilia mawe mapya, nikayatia moja moja. Ta, ta, ta, ta, ta, na la sita likakataa kuingia, nikalisukuma na kidole gumba. Ta. Nikabonyeza, gitaa ikaruka na nguvu zake zote. Nilisahau kwamba radio ya pili ilikuwa inaendelea kushika kila kitu. Kurudilia haikuwezekana, dereva alikuwa anapiga honi inje.

Hiyo kaseti yangu njo watu walikopia, na kopi zikazaa kopi, zikapanda kamyo na pikipiki mpaka huku kwetu, Masisi yote. Leo iko kwenye simu. Niliporudi kwetu nikakuta vijana wanaupiga ule wimbo kwenye ndoa: gitaa inashuka, watu wanashuka nayo mpaka matako karibu yaguse udongo, mupiga ngoma anagonga mara sita, wote wanaruka. Hata bibi arusi na kitambaa chake. Mimi nilikuwa naruka nao, nafunga kinywa.

Sasa pale Mushaki vijana waliwasha jenereta wakampigia muzee wimbo wake. Yeye amekaa mbele, kichwa cheupe, anatikisa bega. Ikafika pa kushuka. Watu wakashuka. Sita. Wakaruka. Muzee akainua mukono, muziki ukasimama.

"Nani aliwafundisha kushuka pale?"

"Ni wewe, Papa," mupiga gitaa akasema. "Iko kwenye kaseti yako."

"Mimi sikushukaka. Na ile kugonga mara sita?"

"Ni wewe pia. Tunafuata vile ulipiga."

Mama mumoja pembeni yangu akacheka. "Muzee amesahau wimbo wake mwenyewe."

Akasikia. Akaangalia mikono yake. "Pengine nimesahau," akasema polepole. "Kaseti yangu ilipoteaka zamani."

Hapo nikasimama. Ningeweza kuvumilia anitukane, lakini si ajizanie mujinga mbele ya watu sababu yangu.

"Papa, haukusahau kitu. Ni mawe yangu yalikufa."

Nikaeleza yote, mpaka kuku, mpaka kikohozi cha bwana yangu. Mupiga ngoma akashika kichwa. "Kumbe, Mama, miaka yote hii tunacheza radio yako?" Watu wakaanguka kwa kucheka. Muzee hakucheka. Akaniita mbele, akaomba gitaa.

"Nionyeshe, dada. Ilishuka mpaka wapi?"

Nikamwimbia na pua. Akapiga, na huku anapiga akawa analegeza kamba, sauti ikashuka, ikapita pale vijana wanaishiaka, ikafika chini kabisa, na mimi nikasikia mawe yanakufa kama siku ile. Mushaki yote ikachutama. Nami nikachutama, na haya magoti yangu. Akataka kupanda.

"Bado, Papa. Sijatia."

Nikainua mukono nikatia mawe hewani, na mupiga ngoma akawa ananifuata. Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Muzee ananiangalia kidole, jasho kwenye paji, meno yote inje.

"La sita lilikataa," nikamwambia. "Ngojea."

"Mama, magoti!" mutu akalia nyuma.

"Ngojeeni wote."

Nikasukuma na kidole gumba.