Alama Nilizotia Katika Kitabu cha Macho

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kugawana naye. Naomba mhariri afiche jina langu. Dada yangu na mumewe wakisoma watanitambua tu, na ni vizuri, maana kuwaambia uso kwa uso nimeshindwa.

Nilipomaliza darasa la kumi na mbili, tangazo lilibandikwa Bomani Mbeya: vijana waliosoma wajitokeze Iringa, wapimwe kama wanafaa kufundishwa kurusha ndege za jeshi. Watu walicheka. "Mwafrika apewe ndege ya vita?" fundi cherehani mmoja wa Mwanjelwa aliniambia. "Watawapa mafagio mfagie uwanja."

Nilijiandikisha siku hiyo hiyo, kisha nikakosa raha. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwetu Rungwe tulipochuma kahawa, mama alikuwa akimwaga kikapu changu na kuchagua upya, mbivu huku, mbichi huku, akidhani ni uvivu.

Nilihamia Iringa kwa dada ili nijiandae. Mumewe alikuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la vifaa vya macho. Mchana kutwa nilipiga hesabu, nikachora injini, nikajipima kwa saa ya ukutani. Kila jibu nililipata mara tatu na bado nikalitilia shaka. Shemeji alinitania: "Wewe hata ukivaa viatu unafanya kwanza kikao na miguu."

Hesabu sikuziogopa. Niliogopa kitabu cha macho, kile chenye kurasa za madoadoa ya rangi, ambamo mwenye macho mazima huona tarakimu. Nilimweleza shemeji siri yangu, nikamsihi wiki nzima. Mwishowe akakileta Jumamosi, amekifunga kwenye kanga ya dada.

"Jumatatu asubuhi kiwe kabatini," alisema. "Nikikosa kazi hii, shemeji, sina nyingine."

Alinisomea tarakimu, nami nikazikariri zote kwa mpangilio kama katekisimu. Hapo ningeishia. Lakini kichwa changu hakijui kuishia. Je, daktari akianzia katikati? Akianzia mwisho? Jumapili, wenyewe walipokwenda kanisani, nilichukua penseli nikatia vialama vidogo pembeni mwa kila ukurasa, kuonyesha ni wa ngapi. Shemeji sikumwambia.

Siku ya mtihani nilimaliza hesabu kabla ya wote. Tukaingia kwa daktari. Kweli, alianzia katikati. Kurasa nne nilijibu bila kosa. Kwenye wa tano akauliza, "Mbona kila mara unatazama pembeni?" Akakipeleka kitabu dirishani, akaona. Akamwita shemeji.

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi, bwana daktari."

"Na alama hizi ametia nani?"

Shemeji aliziangalia, kisha akaniangalia mimi. Alijua pale pale. Akangoja niseme.

Nami nilitaka kusema. Ila nilianza kupima. Nikikiri, wataniuliza kitabu nilikipata wapi. Nikisema niliiba ufunguo, si nitafungwa? Nikisema kweli tupu, si nitamponza zaidi? Nilikuwa bado napanga sentensi ya kwanza aliposema, "Kitabu kiko mikononi mwangu, bwana daktari. Lawama ni yangu."

Alivua koti lake jeupe mbele yangu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Mimi niliambiwa niende zangu.

Nyumbani dada aliniuliza, "Mwenzio alipoulizwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo."

"Ukasema nini?"

Hakunigombeza. Aliendelea kupanga nguo za watoto sandukuni, maana nyumba ile ilikuwa ya hospitali. Afadhali angenipiga.

Sasa wako Nyololo, wanalima kwa wazazi wake shemeji. Mimi ni karani Mbeya. Nikisafiri kwenda Iringa basi husimama pale, nami sishuki. Barua ya kukiri kwa yule daktari nimeiandika mara nyingi na kuichana kwa sababu ya neno moja tu. Ile niliyoituma hatimaye ilijibiwa na daktari mwingine: aliyekuwapo amekwisha rudi kwao Ulaya, na nafasi ya dresa imepata mtu.

Kijana unayesoma haya, siku ukiulizwa nani amefanya, na ni wewe, sema "mimi" kabla hujafikiri. Maneno mengine yatafuata. Mimi yangu niliyapanga yakapangika. Ninayo yote mpaka leo, na hakuna tena anayeniuliza.